Maneno ya Pumzi Mbili

Tk.

Ndiyo sauti ambayo Mwalimu Anastasia aliibeba kwa miaka sita: kidole kimoja cha rafiki yake Furaha kikidonoa herufi moja ya kompyuta ndani ya nyumba, naye mwenye nyumba akiwa amefukuzwa nje, ameketi uwanjani na ungo wa maharage mapajani. Kidole kilishuka mara moja, kikapumzika muda wa kuku kuvuka uwanja, kikashuka tena. Furaha aliishia darasa la nne. Herufi alizijua zote, lakini alizijua kama mtu anavyowajua wakwe: kwa heshima na kwa mbali.

“Usichungulie!” alipiga kelele kutoka ndani.

“Nichungulie nini? Nyumba yangu, kompyuta yangu.”

“Na maneno yangu. Chambua maharage, Anasta.”

Jua lilikuwa limeshapita nyuma ya mlima alipotoka, ameshika kiuno kama mtu aliyetoka kulima heka nzima. “Nimemaliza,” alisema. “Utayasoma siku nikizikwa. Kabla ya hapo, ole wako.”

Anastasia alifundisha shule ya msingi miaka thelathini na minane, katika kijiji kilicho juu ya Mkuyuni, mahali ambapo mdalasini huanikwa juu ya mawe na ukungu huingia madarasani bila kupiga hodi. Hakuolewa. Nyumba yake na ya Furaha zilitenganishwa na ua wa michongoma wenye pengo ambalo hakuna aliyekumbuka lilitobolewa na nani. Chumvi ilipita hapo, kaa la moto lilipita hapo, uji wa mgonjwa na ugomvi vilipita hapo. Watoto wanne wa Furaha walijifunza kutembea kwa kwenda na kurudi katika pengo lile.

Kijiji kilimjua Anastasia kwa ubao na chaki, lakini kilimhitaji zaidi kwenye misiba. Kabla jeneza halijashushwa, lazima wasifu wa marehemu usomwe, na aliyeuandika na kuusoma alikuwa yeye. Alianza kwa mama wa mama yake marehemu, maana huku milimani mtu huhesabiwa kwa mama. Kisha kuzaliwa, kubatizwa, kuoa au kuolewa, kuugua, idadi ya watoto na wajukuu. Aliyekuwa akichekesha soko zima na aliyekuwa hasemi neno walizikwa kwa maneno yaleyale, kama matofali ya tanuri moja.

Siku moja alimsomea mzee mmoja mkulima wa ndizi. Alipomaliza, mjane alimshika mkono, akamshukuru, kisha akasema kwa upole, “Umesoma vizuri, Mwalimu. Lakini si yeye.”

Neno lile lilimkaa rohoni kama mwiba wa samaki kooni. Tangu hapo akaanza kuwauliza watu wakiwa hai: wewe mwenyewe ungependa isemwe nini? Aliwawekea sharti moja tu, maneno yasizidi pumzi mbili, kwa sababu juani watu wamesimama na kaburi linangoja. Watu walicheka, wakaogopa, kisha wakaja. Mmoja aliacha maneno haya: “Mbuzi wa Stambuli hakuliwa na chui. Nisameheni.” Siku yaliposomwa watu walicheka na kulia kwa pamoja, na Stambuli mwenyewe, aliyemsaka chui yule miezi miwili, alicheka kuliko wote.

Mwanzoni maneno hayo yalikaa kwenye vipande vya karatasi. Unyevu ukala baadhi, panya wakala vingine. Alipostaafu, wanafunzi wake wa zamani walichanga wakamnunulia kompyuta mpakato iliyotumika, wakamfundisha mambo matatu: kuwasha, kuandika, kuhifadhi. La nne alijifundisha mwenyewe, na kila mtu alisema amelikosea.

Wao walisema “faili”, yeye akasikia jalada. Na jalada alilijua. Shuleni kila mtoto alikuwa na jalada lake lenye jina lake juu, na kuchanganya watoto wawili ndani ya jalada moja lilikuwa kosa ambalo hakuna mkaguzi angelisamehe. Basi kila mtu aliyekuja na pumzi zake mbili, Mwalimu alimfungulia faili lake peke yake, akaandika jina, akaandika mstari mmoja au miwili, akafunga. Hakulifungua tena hadi mwenye jina afariki.

Katekista Joseph, aliyejiona mjuzi wa kompyuta kwa sababu ya simu yake kubwa, alimhurumia. “Mwalimu, waweke wote kwenye faili moja. Ukimtaka mtu unatafuta jina tu.”

“Wewe nyumbani kwako mnalala ukoo mzima kitanda kimoja?”

“Hapana, lakini haya ni maneno, Mwalimu.”

“Ni watu, Joseph.”

Ndani ya miaka sita walifika elfu moja mia mbili na arobaini.

Furaha alifariki siku ya Jumanne, mwezi wa nne, katikati ya masika. Moyo ulimshinda. Mwili ulibaki hospitali ya mjini kusubiri mabinti zake waliokuwa Mwanza, na mazishi yakapangwa Jumamosi. Umeme wa kijiji ulikuwa umekatika kwa mvua, kwa hiyo Jumatano asubuhi Anastasia aliifunga kompyuta kwenye kanga, akapanda pikipiki kuteremka Mkuyuni ili aichaji. Kwenye kona yenye tope jekundu pikipiki ililala. Yeye hakuumia. Mkuyuni alipoiwasha kompyuta, kioo kilibaki cheusi, na kutoka tumboni mwake kukawa na kugongagonga, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba iliyohamwa.

Elia, mtoto wa kwanza wa Furaha, alimkuta jioni ile amekaa mbele ya mashine iliyozimwa.

“Mwalimu, usijisumbue. Tunga tu. Wewe unamjua mama kuliko sisi wote.”

“Nitunge?”

“Maneno mawili matatu. Mama hatajua.”

“Yeye hatajua. Mimi nitajua.” Alikunja kanga polepole. “Elia, kumtungia marehemu maneno ni kumvisha nguo ya mtu mwingine na kumfungia jeneza. Mama yako aliandika mwenyewe. Alinifukuza ndani ya nyumba yangu ili aandike. Ikishindikana, Jumamosi nitasema mbele ya watu kwamba maneno ya Furaha nimeyapoteza mimi. Lakini sitatunga.”

Alhamisi alishuka hadi mjini na gari la kwanza. Pale Msamvu, upande wa pili wa stendi ya mabasi, aliulizia fundi wa kompyuta, akaelekezwa kwa Yasmin, mwanamke wa miaka thelathini na kitu aliyevaa hijabu ya bluu, meza yake imejaa skrubu zilizopangwa kwenye vifuniko vya soda.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa.”

Yasmin aliiwasha, akaitegea sikio, akaizima haraka. “Huyu kaanguka.”

“Tulianguka wote. Mimi niliangukia matope, yeye akaangukia jiwe.”

“Basi wewe mjanja kuliko yeye,” Yasmin alisema, na Anastasia akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Fundi aliifungua, akatoa diski, akaiunganisha na mashine yake. Alifanya kazi kimya, akiandika namba kwenye daftari. Kufika saa sita alivua miwani.

“Bibi, nikudanganye au nikwambie?”

“Nilikuwa mwalimu. Niambie.”

“Humu ndani kuna sindano inayosoma, kama ile ya gramafoni ya zamani. Ilipoanguka ilikwaruza. Sehemu kubwa haisomeki. Picha sitaweza kuzitoa. Video pia.”

“Sina picha.”

“Una nini? Nyaraka?”

“Nina watu.”

Yasmin alimtazama. Anastasia akamweleza yote: mjane na mkono wake, pumzi mbili, pengo la ua, Furaha, Jumamosi.

“Subiri kwanza. Kila mtu na faili lake? La mistari miwili?”

“Kila mtu na lake.”

“Watu elfu moja mia mbili!” Kicheko kilimtoka. “Bibi jamani! Ungewapanga wote kwenye faili moja, yakaisha!”

“Hata katekista wetu alisema hivyo.”

Lakini kicheko cha Yasmin kilikatika katikati. Aligeukia kioo, akakaa hivyo, mdomo wazi kidogo. Kisha akaanza kubonyeza.

Programu aliyotumia kufufua mafaili huleta kila kitu inachokikuta, pamoja na vipande vidogovidogo visivyo na idadi. Mafundi huviita chenga. Wateja hulilia picha za harusi, hawalilii chenga, na kwa hiyo Yasmin, kama mafundi wengi, alikuwa ameiamuru programu yake isimwonyeshe chochote kilicho kidogo sana. Aliiweka amri ile siku alipofungua ofisi na hakuwahi kuifikiria tena. Sasa aliiondoa.

“Bibi, shuleni mlikuwa na rejesta ya mahudhurio?”

“Miaka thelathini na minane.”

“Diski nayo ina rejesta yake, sehemu ya mbele. Kila faili lina mstari wake mle: jina, tarehe, na chumba lilipolala. Vyumba viko huku nyuma, na chumba kidogo kuliko vyote kinabeba herufi elfu nne. Sasa akija mtu wa herufi mia, kumpa chumba kizima ni hasara, si ndiyo? Basi mashine haimpi chumba. Inamwandika palepale kwenye rejesta, pembeni ya jina lake.”

Anastasia alisogeza kiti. “Sisi tuliandika pembeni ya jina: amefiwa. Anaumwa. Hana viatu. Hatukufungua jalada kwa ajili ya hilo.”

“Hivyohivyo. Na bibi yangu, kilichobomoka ni vyumba. Rejesta naiona. Inasomeka.”

“Kwa hiyo ningewaweka wote pamoja...”

“Wangekuwa wengi, wangepewa jumba kubwa huko nyuma, na jumba lingewaangukia.”

Nje, mpiga debe alikuwa akiita abiria wa Dodoma kwa sauti iliyokauka. Miaka sita Mwalimu alikuwa amechekwa kwa kosa hili, na yeye mwenyewe, kimoyomoyo, alishaanza kuamini kuwa ni kosa.

Kisha swali likamjia, na mikono yake ikaacha kucheza na ncha ya kanga.

“Mwisho wake ni herufi ngapi? Ya kuandikwa kwenye rejesta.”

“Kama mia sita, mia saba hivi. Akizidi hapo anahamishiwa chumbani.”

“Furaha alikaa ndani alasiri nzima.”

Yasmin aligeuka kutoka kwenye kioo. “Alikuwa mtu wa maneno mengi?”

“Mwanangu, Furaha akikusalimia unaweza kuivisha maharage.”

Walitazamana, wakacheka kidogo, na kicheko hakikuwa na nguvu.

Kuinakili rejesta kulitaka upole. Kila mzunguko wa sindano ulikuwa hatari, kwa hiyo Yasmin alisoma kipande, akaiacha diski ipoe, akasoma kingine. Aliagiza chai na maandazi. Waliposubiri, alisema bila kuinua macho, “Miaka tisa nimekuwa nikizificha hizi chenga. Mwaka juzi alikuja baba mmoja kutoka Kisaki, anatafuta barua alizoandikiwa na binti yake. Zilikuwa fupi, alisema, za salamu tu. Nikamwambia hakuna kitu.”

“Diski yake iko wapi?”

“Iko kabatini. Alisema hana moyo wa kurudi nayo.”

“Namba yake ya simu?”

“Ninayo.”

“Basi chai ikiisha mpigie,” Anastasia alisema, kwa sauti ya mtu anayemwambia mtoto afute ubao. Na Yasmin alipiga, palepale, uso ameugeuzia ukuta, akasema pole mara nyingi.

Saa tisa na nusu majina yakaanza kushuka kwenye kioo. Yalishuka kama watoto wanaotoka darasani, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Anastasia aliyasoma kwa midomo bila sauti. Wengine alikuwa amewafundisha, wengine alikuwa amefundisha baba zao.

“Nimfungue mmoja tuhakikishe?” Yasmin aliuliza.

“Usimguse. Huyo yuko hai, jana kaniuzia magimbi.”

“Sasa nitajuaje kama maneno yamo?”

“Si umesema mashine inaonyesha ukubwa? Tutazame ukubwa.”

Yasmin alifungua safu ya ukubwa. Karibu wote walikuwa na herufi mia, mia na hamsini, mia mbili, na pembeni ya kila mmoja programu iliweka alama ya kijani: yumo kwenye rejesta. Kulikuwa na mistari thelathini na minane iliyokwaruzwa kabisa, haina hata jina. Na kulikuwa na tisa wenye alama nyekundu, watu waliozidisha pumzi. Majina yao yapo, maneno yao hayapo. Anastasia aliomba karatasi akaandika majina ya wale tisa. Wanane walikuwa wazima. “Hawa nitawafuata,” alisema. Wa tisa alikuwa amekwisha kuzikwa na kusomewa.

Furaha hakuwa miongoni mwa wale tisa. Lakini bado hakuwa ameonekana popote, na mistari thelathini na minane haikuwa na jina.

“Nipange kwa herufi?” Yasmin aliuliza.

“Panga.”

Majina yakajipanga. Anastasia alipeleka kidole kwenye kioo, akateremka nacho: wa A wengi, wa B, wa C, wa D, wa E. Alipofika F alikipunguzia mwendo.

Furaha. Alama ya kijani. Herufi mia moja ishirini na kitu.

“Mia moja tu?” alinong’ona. “Alasiri nzima, mia moja tu?”

“Kwa kidole kimoja, bibi,” Yasmin alisema. Kisha alimwekea mkono begani na kuuacha hapo.

Kanuni ilikuwa kanuni: maneno yangesomwa makaburini, si mbele ya duka la fundi. Yasmin aliyachapa bila kuyaangalia, au ndivyo alivyodai mwenyewe, uso ameugeuzia stendi. Aliikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha. Wengine wote aliwaweka kwenye flashi mbili, moja ya kwenda milimani na moja ya kubaki kwake, na akakataa kutaja bei hadi msiba uishe.

Jumamosi ukungu haukuondoka hadi mchana. Kaburi lilichimbwa kwenye mteremko, chini kidogo ya migomba ya Furaha mwenyewe. Wafiwa walikaa mbele kwenye viti vya plastiki, Elia na dada zake watatu na wajomba wa ukoo. Msomaji hakai. Husimama ng’ambo ya kaburi, upande wa katekista na wanakwaya, na huko ndiko Anastasia alikosimama katika kila msiba wa kijiji kile.

Alisoma vizuri. Alianza na mama wa mama yake Furaha, akafuata mama, kuzaliwa, ubatizo, ndoa, ujane, meza yake ya ndizi na magimbi pale Mkuyuni, moyo uliomshinda, watoto wanne, wajukuu kumi na mmoja. Sauti haikutetereka. Kisha akafungua bahasha.

“Sasa ni maneno yake mwenyewe,” alisema. “Hata mimi sijayaona.”

Alikunjua karatasi na kuisoma kwa sauti ileile ya darasani.

“Mimi Furaha yangu nimeshayasema yote sokoni.”

Watu wakacheka. Nyuma kabisa mtu akaitikia, “Kweli kabisa, mama!”

“Huyu anayewasomea ni ndugu yangu.”

Hapo alisita. Aliiangalia karatasi kama mtu anayehakiki hesabu. Kwaya, iliyokuwa imeanza kujiandaa, ikatulia. Mistari ilikuwa imebaki miwili na hakuna mwingine wa kuisoma, kwa hiyo aliisoma, ingawa mwanafunzi wake yeyote angeweza kusema kuwa hiyo haikuwa tena sauti ya darasani.

“Msimwache amesimama. Mpeni kiti akae na wafiwa.”

Kisha Elia akainuka, akapangusa kiti chake kwa mkono wa shati, akakisukuma katikati ya dada zake, na kubaki amesimama nyuma yake. Katekista Joseph alisogea akaichukua karatasi kutoka mikononi mwa Mwalimu. “Nenda,” alimwambia. “Nitakushikia.”

Mwalimu alilizunguka kaburi polepole, akishika udongo ulioteleza kwa vidole vya miguu kama wafanyavyo watu wa milimani. Mabinti walisogea. Mmoja alitandua nusu ya kanga yake na kumfunika magoti. Kwaya ilianza, na wanaume wakashika kamba.

Anastasia aliinama mbele kidogo, kuelekea kwenye jeneza, na aliyosema yalisikiwa na wale wawili waliokaa kulia na kushoto kwake tu.

“Haya. Nimekaa.”